Kabla ya Zawadi, Upande wa Nyuma: Risala ya Akina Mama wa Bustani ya Kwa Badi

Mgeni rasmi, Bwana Simeon Menza, mkubwa wa kilimo wa tarafa yetu, Bwana Chifu, mwanetu Abdulghani Badi, ambaye ardhi hii tuliyoketi juu yake ni ya marehemu baba yake, majirani mliotoka Mambrui mjini na mliotoka mashamba ya ndani: Asalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

MAKARIBISHO

Sisi akina mama wa Bustani ya Kwa Badi twasema karibu, karibu tena. Tumesikia gari lako lilikwama mchangani pale njia panda na vijana wakalisukuma. Pole sana. Mchanga wa hapa hauna heshima, haujui nani mkubwa nani mdogo.

Umekuja kutupa zawadi ya bustani bora ya tarafa kwa mwaka huu wa 1987. Zawadi zenyewe tumeziona zikishushwa: ndoo za kunyunyizia maji, zile za bati zenye shingo ndefu na mdomo wa matundu. Zang'aa. Wajukuu wetu wamekwisha kujitazama sura zao humo. Lakini kabla hujatukabidhi, twakuomba kwa hisani yako utusikilize mpaka mwisho. Dafu lililo mbele yako ni la kunywa, usiliache likapata moto. Na risala hii ukiiona ndefu, utuwie radhi. Tulimpa kazi ya kuiandika bibi wa wajukuu wengi, na yeye amezoea kulieleza jambo tangu lilipoanza.

ASILI YA BUSTANI HII

Tulianza mwaka wa 1981. Tulikuwa wanawake wa namna mbili. Wako wa Mambrui mjini, waliojua kusuka makuti, kukaanga maandazi na kupika pilau la watu wengi, lakini jembe waliliona mikononi mwa wengine. Na wako wenzetu Wagiriama wa mashamba ya ndani, waliozaliwa na jembe lakini mashamba yao yalikuwa mbali na maji. Tulikutana sokoni, sote tukinunua mchicha uliotoka Malindi umekwisha kulegea kama kitambaa cha kufutia meza.

Marehemu Mzee Badi alikuwa akituona tukirudi na mafungu hayo. Siku moja akatuita barazani kwake, akasema: "Pale kwangu nyuma ya minazi pamelala. Nendeni mkalime. Madhali nikipita naona kitu cha kijani, basi ni penu. Siku nitakayoona pamekuwa peupe, parudi kwa wanangu, wala msigombane nao." Tukasomewa Fatiha, wasio Waislamu wakaomba kwa namna yao, ikawa imekwisha. Hatukuandikiana. Kwetu neno la Mzee Badi lilitosha.

Kisima tulikichimba wenyewe, kwa karai na kamba. Tumu Shee, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, alikuwa akikaa juu akivuta mchanga na kututia maneno: "Chimbeni, kina bibi, mkichoka mtazikwa humo humo, kazi imekwisha nusu." Tulicheka mpaka tukashindwa kuvuta. Maji yalipotoka yalikuwa matamu. Tulichemsha chai pale pale, na Mzee Badi alikuwa mtu wa kwanza kuinywa.

Mzee alifariki baada ya njaa ya 1984. Wanawe wakalishika neno la baba yao. Abdulghani ameletewa watu, tena si mara moja, wanaotaka kiwanja karibu na bahari, naye akawajibu, "Pale mama zangu wanalima, bado pana kijani." Twamshukuru mbele ya watu wote. Twaomba akumbuke shukrani hii kabla ya kusikia yanayofuata.

TULIYOYAPATA

Mgeni rasmi, bustani hii ililisha watu. Wakati wa njaa ile, yalipogawiwa mahindi ya njano, nyumba nyingi zilikuwa na sima na hazina cha kulia. Kitoweo kilitoka hapa. Kulikuwa na mchicha, bamia, bilingani, kunde, mnavu, na ule mtsunga, mboga chungu waipendayo wenzetu Wagiriama.

Tulifundishana pia. Tumu aliwafundisha wenzetu kupika bilingani kwa tui. Naye mwenzetu Kahonzi Garama akamfundisha Tumu kula mtsunga. Tumu alipouonja akakunja uso, akasema, "Hii si mboga, Kahonzi, hii ni dawa ya malaria." Kahonzi akamjibu, "Basi meza, bibi, upone mdomo." Tangu siku hiyo wamekuwa hawaachani, na hawakomi kutupiana maneno.

Muuguzi wa zahanati alikuwa akituletea mama wenye watoto waliokonda, nasi twawapa fungu na kuwaonyesha namna ya kupika bila kuyamwaga maji ya mboga. Wako watoto wanaokimbia hapa leo, ungewaona wakati ule usingedhani wangekimbia.

Risala zetu za miaka iliyopita zilikuwa zikifika hapa, zaomba majembe, kisha twaimba. Leo twaendelea.

YALIYO NYUMA YA UA

Hapo ulipoketi, mbele yako ni matuta ya mchicha na bilingani, nayo ni mabichi, huna haja ya kuambiwa. Nyuma yako ni ua wa makuti. Labda umeelezwa kwamba ni wa kuzuia mbuzi. Mbuzi wapo kweli. Lakini sehemu kubwa ya bustani hii, tena ile iliyolisha watu, iko nyuma ya ua huo, nasi hatukutaka mtu aione.

Huko nyuma mchicha huota ukafika urefu wa kidole, halafu kingo za majani zikageuka hudhurungi, kama karatasi iliyosogezwa karibu na taa. Bilingani hutoa ua zuri la zambarau na kesho yake ua liko chini. Bamia hukauka lingali dogo, gumu kama kijiti. Na mchanga wenyewe umefanya utando mweupe juu, ukiukanyaga wavunjika kama ganda la yai.

Mambo yalianza baada ya njaa. Kila mtu alitaka bustani izae zaidi, tukawa twateka asubuhi na jioni bila kukipumzisha kisima. Siku moja tulikuwa tumekaa na chai yetu, Tumu akatema. "Nani katia chumvi kwenye chai?"

Macho yote kwa Kahonzi, maana ndiye aliyechemsha. Tukamwambia, "Kahonzi, umekosea kopo leo."

"Mino sijatia kitu, mimi," akasema. "Hata hiyo sukari yenyewe hamna, chumvi ningeipata wapi?"

Tulicheka, Mungu atusamehe. Tukaanza kubeba maji ya kunywa kutoka mjini, na yale ya kisima tukayaacha yawe ya mboga tu. Na hatukuogopa, kwa sababu huku kwetu pwani mnazi hupandwa kwa chumvi. Kila aliyelelewa hapa ameona: shimo huchimbwa, hutiwa majivu na konzi ya chumvi, ndipo mche husimamishwa. Bibi zetu walifanya hivyo, na minazi yao ndiyo hii tunayoikwea mpaka leo. Basi tulipoona kisima kimeingia chumvi, tulisema ni baraka, sasa hatuna haja ya kununua, kisima chajitilia chenyewe. Tukateka zaidi.

Majani yalipoungua tukasema ni jua, tukaongeza maji. Mchanga ulipokuwa mweupe tukasema ni majivu tuliyonyunyiza ya kufukuza wadudu. Misimu miwili ilipita hivyo. Mboga ikizidi kufa, nasi twazidi kuinywesha kile kilichokuwa kikiiua, kwa mikono yetu, na kwa huruma kabisa. Na katika watu wote tuliowajua hapakuwa na hata mmoja wa kutuambia: mnazi ni mnazi, na mchicha ni mchicha.

TULIVYOTAFUTA WA KUTUELEZA

Usidhani tulikaa tu. Hapo awali tulikuwa na bwana shamba, kijana mpole, alikuja na pikipiki akatufundisha kupanda kwa mstari. Kisha pikipiki ikawa haina mafuta. Alikuja tena kwa miguu, viatu vimejaa mchanga, tukampa maji ya kunawa. Baadaye akahamishwa, na nafasi yake haikujazwa. Kwa nini haikujazwa tutaeleza mbele kidogo.

Tulimwendea muuza mbegu. Akatuuzia dawa ya viwavi. Sisi hatukuwa na viwavi, lakini yeye alikuwa na dawa.

Tulisikiliza redio. Kuna kipindi cha wakulima, twakipenda, msemaji ana sauti nzuri. Alituambia namna ya kukinga kabeji na baridi kali ya asubuhi. Tulikaa tukitokwa jasho tukamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, huenda akataja chumvi. Hakutaja.

Mwisho tuliamua kuupeleka mchanga wenyewe ukatazamwe. Tulikwenda wawili, Tumu na mwandishi wa risala hii, tukaufunga katika leso, tukaupeleka mjini katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, maana aliyekuwapo pale huenda ana watoto wa kulisha. Karani akatazama lile fundo mezani.

"Hii ni nini, kina mama?"

"Ni mchanga," akasema Tumu.

"Mchanga wa nini?"

"Wa shamba letu, mwanangu. Twataka utazamwe. U mgonjwa."

Akacheka sana. "Hospitali iko kule chini."

"Tumetoka huko," Tumu akamwambia. "Wametwambia mchanga hauna kadi."

Hapo akauchukua, akatuambia hapa hakuna mashine ya kuupimia, lazima upelekwe mbali, turudi baada ya mwezi. Tulirudi baada ya mwezi. Tuliambiwa jibu bado. Tulirudi tena. Karani alikuwa mwingine, fundo halijui. Lakini leso yetu tuliiona, imefutiwa meza. Na pale dirishani palikuwa na kopo la maua, mchanga wake tukautambua kwa ule weupe, kama mtu atambuavyo mtoto wake katika kundi. Ua lenyewe lilikuwa limenyauka.

Tumu akalitazama, akasema, "Haya, twendeni. Jibu si hilo?"

Tulirudi nyumbani na leso. 

KWA NINI WAGENI HAWAKUONA

Sasa twaja kwenye jambo gumu, mgeni rasmi.

Sisi watu wa huku mgeni hatumwonyeshi upungufu wa nyumba. Hata kama ndani hamna kitu, utatandikiwa busati jipya, utapewa dafu, utachinjiwa kuku wa jirani. Ndivyo tulivyolelewa, na kumsitiri mtu mbele ya mgeni ni heshima. Basi kila tuliposikia kuna ugeni, iwe wa akina mama wa maendeleo, iwe wa wale Wazungu wa shirika, iwe wa wakaguzi wa mashindano haya, tulifanya kama tufanyavyo majumbani mwetu. Miche yote yenye uhai tuliing'oa kule nyuma tukaihamishia matuta haya ya mbele. Ua wa makuti ukaunganishwa. Na matuta ya mbele hatukuyanywesha maji ya kisima. Tuliyanywesha maji ya bomba la mjini, tuliyoyabeba kichwani, maji ya kunywa ya nyumba zetu. Kwa ajili ya mchicha unaouona, wako wajukuu waliokwenda chuoni kusoma Kurani bila kuoga, na wako wazee wa nyumba waliouliza mtungi umekauka kwa nini wakajibiwa kwamba foleni ilikuwa ndefu.

Wageni walifurahi. Walikunywa dafu. Hakuna hata mmoja aliyeonja maji ya kisima chetu, kwa kuwa nani atampa mgeni maji ya kisima na minazi imejaa? Wakasimama wakasema maneno mazuri, na kila mmoja akamaliza kwa namna moja: "Hapa hamna shida. Tutawasaidia wale wenye shida." Tukapiga vigelegele.

Ndiyo sababu bwana shamba wetu hakupata wa kumrithi. Tulipokwenda kuuliza tuliambiwa, "Nyinyi kule mko sawa, mabwana shamba ni wachache, wanapelekwa kwenye taabu." Tungemlaumu nani? Sisi wenyewe ndio tuliosema kwa vitendo kwamba tuko sawa.

Mpaka wiki iliyopita tulikuwa tayari kukupokea wewe vivyo hivyo. Nyimbo zilikuwa zimekwisha kufanyiwa mazoezi.

MASHAURI YETU KABLA YA RISALA HII

Kilichotugeuza ni ile habari iliyokuja pamoja na ile ya zawadi. Tuliambiwa kwamba, kwa vile tumeshinda, vikundi vya akina mama vya Magarini vitaletwa hapa na lori ili vijifunze kwetu. Tulipiga vigelegele kwanza. Halafu mmoja mmoja akaanza kukunja leso yake.

Tumu akasema, "Watajifunza nini hao? Kupanda mbele na kuzika nyuma?"

Kahonzi akasimama. Twayaandika maneno yake kwa idhini yake. "Mino nasema tupokee. Abdulghani atakuwapo. Akiona serikali imetupa zawadi, shamba latubakia mwaka mwingine. Mkiusema ukweli mbele yake, ndio peupe pale alipopasema baba yake. Kesho mwaona waya umezungushwa hapa."

"Na huo mwaka mwingine twala nini, Kahonzi? Ndoo?"

"Wewe Tumu una mwanao Mtwapa, akilipwa akuletea unga. Sema tu. Mino nina wajukuu na jembe hili. Kule kwangu ndani hata hicho kisima cha chumvi hakuna."

 Tukatawanyika bila kuagana vizuri, na hilo halijapata kutokea katika kikundi hiki.

Kesho yake Kahonzi alikuja wa kwanza. Tulimkuta amekaa nyuma ya ua, kwenye ule utando mweupe, miguu ameinyoosha. Hakutazama mtu. Akasema, "Wale wa Magarini ni watu wangu. Watanisalimu kwa lugha yangu, wataniuliza, dada, wewe wafanyaje mpaka pakawa kijani hivi? Nitawajibu nini? Wao nao wana visima. Wao nao wanapanda minazi kwa chumvi." Kisha akasema, "Andikeni. Lakini mimi msinipe kumfungulia mgeni ua. Mkono wangu hautaweza."

Tumu akakaa chini karibu naye. "Nitafungua mimi," akamwambia. "Wewe kaa mbele, uwe unamtazama Abdulghani akununulie waya mzuri." Kahonzi akampiga kofi la mguu. Lakini hatukucheka sana.

Ndiyo hali yetu. Tukinyamaza, ardhi itaendelea kuharibika na tutawafundisha wengine kuharibu zao. Tukisema, huenda tusiwe na ardhi kufikia jua la leo kuchwa. Na hata huko kuficha sasa hatukuwezi tena, kwa sababu bomba la mjini hutoka siku mojamoja tu. Mchicha huu wa mbele, mgeni rasmi, uinamie uutazame vizuri. Kingo zimeanza.

TUNAYOYAOMBA

Hatuombi majembe.

Twaomba uinuke, upite upande wa nyuma. Tumu atakuongoza. Uukanyage mchanga ule kwa kiatu chako, uuchukue mkononi. Kisha twaomba uonje maji ya kisima. Twajua si adabu kumpa mgeni maji hayo, na tumeliandika ombi hili kwa haya, lakini mtu mwenye elimu yako hajapata kuyatia mdomoni.

Ukisha kuyaonja, utuambie: ardhi hii imekufa, au yaumwa? Kama yaumwa, dawa yake ni nini? Tumesikia mmoja akisema chumvi huoshwa na mvua ikiachiwa. Mwingine atuambia tutie samadi. Mwingine asema tuhame kisima, tuchimbe upande wa juu na tuteke kidogo kidogo. Mwingine asema kuna mboga zinazostahimili. Haya yote ni ya kusikia njiani. Hatujui lipi kweli lipi uongo, nasi kwa kufuata la kusikia ndivyo tulivyofika hapa. Twaomba bwana shamba mmoja, hata kwa miguu, hata mara moja kwa mwezi, mtu wa kuulizwa.

Na kama dawa yake ni kupumzika, hilo twaomba ulitamke leo, kwa sauti, mwanetu Abdulghani akisikia. Marehemu alisema kijani. Ardhi ikipumzika haitakuwa ya kijani, itakuwa peupe, na sharti litakuwa limevunjika. Sisi hatuwezi kumwambia mtoto wa mtu kwamba peupe hapa ni kazi yaendelea. Ataona twatafuta njia ya kubaki. Wewe waweza. Abdulghani, mwanangu, wala hatukulazimishi. Umetuvumilia kuliko tulivyostahili, na baba yako alituambia tusigombane nawe. Hatutagombana.

Lori la akina mama wa Magarini twaomba lije. Ila waingilie upande wa nyuma.

Ndoo hizi, kama yawezekana, kipewe kikundi ambacho maji yake ni matamu. Kuna walioguna hapa tulipokuwa tukiliandika hili, tena kwa nguvu, kwa kuwa ndoo ni nzuri na majumbani zingefaa. Tumewasikia wenzetu. Lakini zimetolewa kwa bustani bora, nayo si hii.

TAMATI

Mgeni rasmi, kwa kawaida risala ikisha twaimba. Leo hatutaimba. Tutanyamaza tukingoja neno lako, na neno lenyewe wengi wetu wamekwisha kulikisia. Misimu mingi tumeinama kule nyuma, na mtu huujua mwili wa mgonjwa wake. Ikiwa utaona pamekufa, twakuomba usitupoze wala usituambie tuwe na subira. Useme tu, na sisi tutamrudishia Abdulghani ardhi ya baba yake hapa hapa, kwa Fatiha na kwa sala ya wenzetu, kama tulivyopewa, kisha tutakwenda kutafuta mboga ya jioni mahali pengine, kama tunapajua.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akurejeshe kwa watu wako salama. Amrehemu Mzee Badi. Akupe wewe ulimi wa kusema kweli, na sisi atupe kifua cha kuipokea. Amin.

Ni sisi,
Akina Mama wa Bustani ya Kwa Badi, Mambrui.

Imesomwa kwa niaba yao na Mastura Faki, katibu.